UZI: Bulange ya Mengo, jengo la Lukiiko (baraza la ufalme wa Buganda). Lilivyopangwa, lilivyojengwa, na namna ya kutunza majengo ya umri wake

kanzu_na_koti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kwenye uzi wa majengo ya zamani ya Kampala naona watu wanaiita Bulange "siti hoo ya Baganda", yaani jengo la halmashauri ya jiji. Jina hilo linapotosha, na upotofu wenyewe unaficha jambo ambalo bila kulijua huwezi kulisoma jengo lile.

Kampala ya wakati wa Mwingereza ilikuwa miji miwili iliyogusana. Upande wa Nakasero ulikuwa mji wa serikali ya kikoloni na wafanyabiashara, wenye halmashauri yake. Upande wa Mengo, Namirembe na Rubaga ulikuwa Kibuga, mji mkuu wa Buganda, chini ya serikali ya Kabaka (mfalme wa Buganda), kwenye ardhi ya mailo. Hata neno mailo limetokana na maili za mraba zilizogawiwa kwa Mkataba wa 1900. Miji hiyo iliunganishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, falme zilipokwisha kufutwa. Kwa hiyo siti hoo ya Kampala iko upande wa Nakasero, Barabara ya Sir Apollo Kaggwa. Bulange ni nyumba ya Lukiiko, na pia ofisi kuu za ufalme.

Lukiiko linatokana na kukiika, yaani kwenda kuhudhuria mbele ya Kabaka. Mkataba wa tarehe 10 Machi 1900 uliligeuza baraza hilo kuwa la viti vya kuhesabika: wakuu wa saza (majimbo ya ufalme) 20, wajumbe 3 kutoka kila saza (jumla 60), watu 6 wa kuteuliwa na Kabaka, na mawaziri 3, yaani Katikkiro (waziri mkuu), Omulamuzi (jaji mkuu) na Omuwanika (mweka hazina). Wote 89. Hesabu ilikuja kubadilika, na masaza yenyewe yakabaki 18 baada ya kura ya maoni ya Novemba 1964 iliyorudisha Buyaga na Bugangaizi kwa Bunyoro. Lakini jambo lilikuwa limeshabadilika: baraza lenye viti maalumu lilihitaji ukumbi maalumu.

Jengo tunaloliona lilijengwa kati ya 1955 na 1958. Zitazame hizo tarehe. Gavana Andrew Cohen alimpeleka Kabaka Mutesa II uhamishoni tarehe 30 Novemba 1953, na Kabaka akarudi Mengo tarehe 17 Oktoba 1955. Jengo lilipanda katika miaka ileile ambayo Buganda ilikuwa ikijadiliana upya na Mwingereza juu ya nani anatawala nini. Ndiyo maana halikujengwa kama ofisi ya wilaya.

Sasa simama mlangoni utazame mbele. Barabara ya Kabaka Anjagala inanyooka takriban maili moja mpaka lango la Lubiri, ikulu ya Kabaka. Katikati kuna mzunguko wa magari, na ndani ya mzunguko kuna lango la Kabaka peke yake. Sisi wengine tunazunguka, yeye anapita katikati, kwa sababu njia yake haipindi. Sanamu za miziro (alama za wanyama au mimea) ya koo zilizopangwa kando ziliwekwa baadaye, ila mstari ni wa asili. Husimuliwa sana kwamba Mutesa aliliona jengo la bunge la Stormont, Belfast, akataka la mfano wake. Stormont ni kazi ya Arnold Thornely, lilifunguliwa 1932, uso wake una futi 365, nalo pia lina barabara iliyonyooka ya takriban maili moja. Watu hulinganisha kuta. Mimi nasema kilichoigwa zaidi ni ile barabara. Anayeipiga picha Bulange akaikata barabara amepiga picha ya nusu ya jengo.

---

ramani_jinja

Mzee kanzu, umefungua vizuri. Niongeze upande wa vifaa, maana mwaka wa ujenzi unaeleza mengi ambayo macho hayaoni.

Kabla ya reli kufika Kampala mwaka 1931, saruji ilitoka mbali na ilikuwa ghali. Majengo ya kabla ya hapo mara nyingi ni tofali za kuchoma, chokaa na mbao. Katikati ya miaka ya 1950 hali ilikuwa nyingine kabisa: kiwanda cha saruji cha Tororo kilikuwa kimeanza mwanzoni mwa muongo huo, kiwanda cha vigae na matofali cha Kajjansi kilianzishwa 1950, na bwawa la Owen Falls hapa kwetu Jinja lilifunguliwa Aprili 1954. Kwa mara ya kwanza mjenzi wa Kampala alikuwa na saruji, vigae na umeme vya nchini kwa pamoja.

Kwa hiyo jengo la kipindi hicho ni chotara. Linavaa sura ya zamani, yaani uso wenye ulinganifu, mnara katikati, bawa kulia na bawa kushoto, lakini ndani kunaweza kuwa na slabu na linta za zege lenye nondo, madirisha ya chuma na sakafu ya terazo. Ukilikarabati kana kwamba ni kanisa la 1910 utakosea. Ukilikarabati kana kwamba ni ghorofa la mwaka jana utakosea vibaya zaidi.

Jambo jingine ni jua. Kampala iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta. Jua hupiga uso wa kaskazini nusu ya mwaka na uso wa kusini nusu nyingine, na nyakati zote mbili huwa juu, kwa hiyo ukingo wa paa wa sentimita 60 hadi 90 unatosha kutia ukuta kivuli. Uso wa mashariki na wa magharibi ndio wenye taabu, kwa kuwa jua la saa mbili asubuhi na la saa kumi jioni huingia chini ya ukingo wowote. Hapo ndipo veranda na mapezi ya zege yalipotumika. Kufunga veranda kwa vioo ili kupata ofisi mbili zaidi, kama inavyofanyika kwenye majengo mengi ya serikali za mitaa, ni kuugeuza ubaridi wa bure kuwa bili ya kiyoyozi.

---

msomaji_mbarara

Asanteni wakuu. Swali la kazi. Kuna ukumbi wa mbuga ya saza (makao ya mkuu wa saza), umri wake unakaribiana na wa Bulange, kuta za tofali za kuchoma. Lipu ya ndani inavimba na kumwagika kuanzia sakafuni hadi kama kiunoni, na kuna unga mweupe. Imeshapigwa lipu ya saruji mara mbili na kupakwa rangi ya mafuta. Kila baada ya masika inarudi. Tatizo ni fundi au ni ukuta?

---

mwashi_kajjansi

Ndugu msomaji, tatizo ni hiyo lipu ya pili na hiyo rangi.

Unyevu unapanda kutoka ardhini ndani ya tofali. Ukuta wa zamani uliutoa unyevu huo kupitia lipu laini. Ukishaziba kwa saruji kali na rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi kutafuta njia. Unga mweupe ni chumvi: maji yakikauka chumvi inabaki, inajiunda vipande nyuma ya lipu na kuisukuma. Kila ukipandisha lipu ya saruji, na mstari wa unyevu unapanda nao.

Kabla ya kugusa kitu, hakikisha ni unyevu wa ardhini kweli. Bandika karatasi ya foili, sentimita 30 kwa 30, ukutani, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, acha siku mbili. Ikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ikilowa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa, na dawa yake ni madirisha. Unyevu wa ardhini huwa na mstari wa juu unaoonekana na hupungua unavyopanda. Kama doa linaanzia juu au liko kwenye kona moja, tafuta bomba au gata iliyotoboka.

Kisha toka nje. Kwenye majengo ya umri huu tatizo huwa mara nyingi nje: udongo, lami au sakafu ya zege imepandishwa miaka na miaka hadi imefunika tabaka la kuzuia unyevu lililo juu ya msingi. Ardhi ya nje inatakiwa iwe angalau sentimita 15 chini ya tabaka hilo. Ishushe. Pale isipowezekana, chimba mtaro wa upana wa sentimita 30 na kina cha 45 hivi, lakini usipite kamwe chini ya kitako cha msingi. Weka bomba lenye matundu kwa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, jaza kokoto safi, toa maji mbali na jengo. Na ile sakafu ya zege iliyobanana na ukuta pande zote, ivunje angalau ukanda wa sentimita 30.

Baada ya hapo bandua lipu yote mbovu, vuka sentimita 30 hadi 50 juu ya mstari wa unyevu. Hapa ndipo uvumilivu unapokwisha kwa wenye kamati. Ukuta hukauka kwa kadirio la milimita 25 kwa mwezi. Ukuta wa tofali moja, milimita 230, ukikauka pande zote mbili unahitaji karibu miezi mitano, na mvua ikiingia katikati unaongeza. Piga brashi kavu kutoa chumvi kila wiki, zoa unga uutupe mbali, usiuoshe kwa maji maana unazirudisha ndani.

Lipu mpya: chokaa iliyolowekwa sehemu 1, mchanga mkali uliochekechwa sehemu 3. Chokaa ya mfuko ilowekwe ndani ya pipa lenye kifuniko, maji yaifunike juu, wiki nne kwa uchache, miezi mitatu ndiyo nzuri. Ukipata chokaa mbichi ya mawe, tia chokaa ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya chokaa, inachemka na kuruka. Miwani na glavu ni lazima, macho hayana spea. Piga tabaka tatu, hakuna linalozidi milimita 10, acha siku 10 hadi 14 kati ya tabaka, na lowesha ukuta kwanza. Kwa unene wa milimita 20, kila mita ya mraba inakula kama ndoo moja ya lita 20 ya mchanga na lita 7 za chokaa iliyolowekwa. Tundika magunia yaliyoloweshwa, jua la mchana lisiipige. Chokaa ikikauka haraka haigandi, inageuka vumbi.

Rangi ni chokaa ya kupaka, tabaka nne au tano nyepesi kama maziwa. Kama kamati inataka rangi ya dukani, iwe ya silikati. Huko Stormont aliyoitaja Mzee kanzu, wakati wa vita waliupaka uso mweupe mchanganyiko wa lami na samadi ya ng'ombe ili ndege za Wajerumani zisiuone. Kuutoa baadaye kulichukua miaka, na jiwe halikurudia weupe wake. Kupaka ni kazi ya siku, kubandua ni kazi ya mjukuu.

---

ramani_jinja

Nakubaliana na mzee mwashi kwa ukuta wa tofali zilizojengwa kwa chokaa. Lakini ngoja kidogo. Kama mbuga hiyo ni ya 1955 kweli, huenda ilijengwa kwa saruji tangu siku ya kwanza. Chokaa tupu kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua ya Mbarara, juu ya ungio (mota kati ya tofali) la saruji, itachubuka.

Pima kwanza. Chukua kisu cha mfukoni, kwaruza ungio lililojificha, kwa mfano nyuma ya kabati au chini ya ukingo wa paa. Likitoka unga mweupe wenye chembe ndogo za chokaa, ni chokaa. Likiwa kijivu na kisu kinateleza, ni saruji. Likiwa katikati, ni mchanganyiko, na ndilo utakalolikuta mara nyingi kwa miaka hiyo. Kwa mchanganyiko tumia saruji 1, chokaa 2, mchanga 9 kwa ndani na kwa tofali laini. Saruji 1, chokaa 1, mchanga 6 kwa nje panapopigwa sana. Mpaka ni mmoja: lipu isiwe ngumu kuliko ungio, na ungio lisiwe gumu kuliko tofali. Ukilipindua hilo, tofali ndilo litakalopasuka, na tofali hilo huwezi kulinunua.

---

mwashi_kajjansi

Sawa mchora ramani, hapo umenishika. Saruji 1, chokaa 2, mchanga 9 siigombei. Ninayoigombea ni ile ya saruji 1 mchanga 3 ambayo kila kijana mwenye mwiko anaiita "lipu ya nguvu".

---

dada_wa_mategula

Nyote mko chini. Niwapandishe juu, kwa kuwa maji mengi ya ukutani huanzia kwenye paa.

Hesabu ya bomba za kushukia ni rahisi na karibu kila jengo nililoona michoro yake limeipungukiwa baada ya kuongezwa vyumba. Kila mita 1 ya mraba ya paa inataka sentimita 1 ya mraba ya tundu la bomba. Bomba la kipenyo cha sentimita 10 lina tundu la kama sentimita 78 za mraba, basi linatosha paa la mita za mraba 78. Bawa lenye paa la mita za mraba 200 linataka bomba tatu. Ukikuta mbili, umeshajua maji yanamwagikia wapi.

Halafu kuna karoli, wale korongo wakubwa wa mjini. Wageni wanawapiga picha, sisi tunapanda ngazi. Karoli hupenda mapaa marefu na minara, na kinyesi chake, mifupa na matawi ya kiota vinaziba gata kwa mwezi mmoja. Safisha gata kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Septemba, kisha mara moja tena katikati ya msimu. Wavu juu ya tundu la bomba uwe wa umbo la yai uliosimama, si bapa, maana ule bapa unafunikwa na jani moja.

Mategula, yaani vigae: kigae cha kawaida cha kufungamana kinaingia takriban 15 kwa mita ya mraba. Kabla ya kukarabati, hesabu vilivyopasuka, kisha pima urefu, upana na nafasi ya ulimi kwenye kigae cha zamani, kwa sababu cha leo kinaweza kupishana milimita 5 na kisifunge. Vigae vizima vya zamani vipelekwe upande unaoonekana, vipya viende nyuma. Mara nyingi kinachochakaa kwanza ni msumari na papi. Vunja kigae kimoja kwenye ukingo na kimoja chini ya kona ya bonde, tazama papi. Ukiichoma kwa bisibisi ikaingia sentimita 1 bila shida, imeoza.

Msikubali kubadilishiwa vigae vya udongo kwa vya zege bila mhandisi kupima kenchi. Wala msikubali mabati mekundu yaliyopigwa mfano wa vigae bila kufunga upya, kwa sababu paa jepesi hunyanyuliwa na upepo pale ambapo zito lilijikalia lenyewe. Mbao za zamani nyingi ni mvule, mchwa huuogopa. Ukilazimika kuunga kipande, unga kwa mvule uliokauka hadi unyevu wa asilimia 12 hadi 14, si mkaratusi wa wiki jana.

---

kanzu_na_koti

Dada mategula, asante, hilo la karoli lilistahili uzi wake.

Nirudi kidogo kwenye historia, kwani kuna aliyeuliza pembeni kwa nini ndani ya majengo haya kuna kuta za ajabu ajabu za kugawa vyumba. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote liliushambulia Lubiri, Mutesa akatorokea nje. Mwaka uliofuata falme zikafutwa. Bulange ikachukuliwa na jeshi, ikaitwa Republic House. Ilirudi kwa Buganda mwaka 1993, sheria ya kurudisha mali za watawala wa jadi ilipopita, na Kabaka Mutebi II akatawazwa Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai mwaka huohuo.

Jengo lolote lililotumika miaka mingi kwa kazi isiyo yake, fuata kanuni hii unapoondoa nyongeza: tazama dari na sakafu. Ukuta wa awali hukata sakafu, yaani terazo au mbao zinaishia kwake na kuna kipande cha ukingo. Ukuta wa nyongeza umekaa juu ya sakafu inayoendelea chini yake. Usibomoe hata huo kabla ya kujua kama umeanza kubeba dari iliyoshuka.

---

umeme_ntinda

Wazee, mnaongea maji na mimi naona moto.

Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka huko Kasubi, iliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Jengo Kuu la Makerere, la 1941, liliungua Septemba 2020, likazinduliwa tena Oktoba 2024. Kanisa kuu la Namirembe la kabla ya hili la sasa lilichomwa na radi mwaka 1910. Kilima cha jirani kabisa na Bulange hicho.

Jengo refu la mabawa mawili lina hatari yake: nafasi kati ya dari na paa hupita mfululizo kutoka bawa moja hadi jingine. Moto ukiingia humo unakimbia kama kwenye bomba, huku chini watu wanatafuta ulikotokea. Kila bawa linapokutana na mnara, jenga ukuta wa tofali kutoka juu ya slabu au ukuta wa chini hadi kugusa chini ya vigae, milango yake ndani ya dari iwe ya chuma na ijifunge yenyewe. Kila tundu la waya lizibwe.

Nyaya za miaka ya 1950 ni za mpira ndani ya mabomba ya chuma. Mpira umeshakauka, ukiupinda unamenyeka. Pima uimara wa kifuniko kwa volti 500: chini ya megaohm 1, waya huo ung'olewe. Mabomba ya zamani yakiwa hayajaziba kwa kutu, vuta nyaya mpya ndani yake, hutakwaruza ukuta wowote. Yakishindikana, pitisha njia ya waya juu ya ukingo wa sakafu au nyuma ya fremu za milango. Kuchimba mfereji wa kulala ukutani ni marufuku kwangu, unakata ukuta mwembamba nusu. Kila sakiti ya soketi iwe na kikata umeme cha mvujo cha miliampea 30.

Radi: Kampala ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana duniani. Mnara uwe na fimbo, tepe mbili za kushuka pande tofauti, upinzani wa ardhi usizidi ohm 10, na upimwe kila mwaka wakati wa kiangazi, siyo baada ya mvua ambapo kila kitu kinapima vizuri. Tatizo kubwa hapa ni wezi wa shaba. Mita 3 za chini zipite ndani ya bomba lililojengewa, au tumia tepe ya alumini juu ya ardhi na shaba chini tu, na kiungo cha metali mbili katikati. Jengo lenye fimbo juu na tepe iliyoibwa chini ni baya kuliko lisilo na fimbo.

---

msomaji_mbarara

Mko juu sana. La mwisho mbili. Ukumbi wetu unavuma, mjumbe akizungumza nyuma hawasikii. Kuna kampuni inataka kuweka dari ya plastiki na spika nane. Na pia, je, ruhusa ni ya nani?

---

ramani_jinja

Ruhusa: kibali cha ujenzi kinatoka kwa kamati ya majengo ya wilaya au mji, chini ya sheria ya udhibiti wa majengo ya 2013. Ikiwa jengo limeorodheshwa kuwa la kumbukumbu, kuna pia sheria ya makumbusho na kumbukumbu ya 2023 iliyochukua nafasi ya ile ya 1967, kwa hiyo idara ya makumbusho iandikiwe kabla ya kazi. Na kwa mbuga ya saza, mwenye mali aandike mwenyewe. Ambatanisha picha za kila ukuta na mchoro wa nyufa.

Mvumo: dari ya plastiki haitaondoa kitu, ni ngumu kama ukuta, na spika nane zitaongeza kelele kwenye kelele. Piga hesabu. Chukua ukumbi wa mfano, mita 20 kwa 15, kimo 8: ujazo ni mita za ujazo 2,400. Zidisha kwa 0.161, unapata 386. Gawanya kwa ufyonzaji wa chumba (sawa na mita za mraba za uso unaomeza sauti yote), unapata sekunde ambazo sauti inabaki. Kuta za lipu, terazo na vioo vinaweza kutoa ufyonzaji wa 130 tu, basi ni sekunde 3, hapo maneno yanapandana. Baraza linataka kama sekunde 1, yaani ufyonzaji wa 386. Watu 89 wakiketi wanaleta takriban 40. Bado 216 hivi. Mapazia mazito ya mikunjo, zulia kwenye njia, viti vya mto, na ubao wenye matundu uliojazwa sufi nyuma yake kwenye ukuta wa nyuma na sehemu ya juu ya kuta za pembeni. Anza na ukuta wa nyuma, ndio unaorudisha sauti kwa msemaji. Vyote hivyo hufungwa kwa skrubu kwenye papi, vinatoka siku vikitakiwa kutoka.

---

kanzu_na_koti

Kwa wanaotaka kuiona Bulange yenyewe kabla ya kurudi kwenye kazi zao: ingieni kwa kupitia ofisi ya wageni mpate mwongozaji, msizunguke wenyewe, ni ofisi zinazofanya kazi. Akina mama sketi au leso chini ya magoti, akina baba suruali ndefu. Siku ya kikao cha Lukiiko ni kanzu na koti. Kaeni kwanza nje, mtembee ile barabara kwa miguu kutoka Lubiri kuja Bulange, siyo kinyume.

---

msomaji_mbarara

Mwebale nnyo wakuu. Mchanga wa ziwani unafaa kwa ile lipu?

---

mwashi_kajjansi

Unafaa ukiwa safi. Chukua chupa ya kioo iliyonyooka, jaza mchanga nusu, maji hadi robo tatu, tia chumvi ya mezani kijiko kimoja, tikisa dakika moja, uache saa tatu. Matope yatakaa juu ya mchanga kama ukanda. Pima ukanda na pima mchanga. Ukanda ukizidi sehemu 8 kwa 100 za mchanga, uoshe au urudishe lori. Na chupa hiyo yenye chumvi uimwage, usiuchanganye mchanga wake na wa kazi.

---

dada_wa_mategula

Na urudishe lori kabla halijamwaga, ndugu. Likishamwaga ni wako.